Gari la zamani, matairi mapya, na bado linasumbua: dalili na vyanzo vyake

Gari la zamani hapa Mombasa ni nadra kumaliza meno ya tairi. Peugeot 504 inayotoka Ijumaa kwenda msikitini na Jumapili jioni kupunga upepo Mama Ngina haitembei kiasi cha kula mpira. Kinachoua tairi lake ni jua, joto na umri. Mwenye gari hutazama meno, akayaona yamejaa, akaridhika. Siku ubavu ukipasuka yuko Mtwapa hukimbilia duka la kwanza na kuondoka na saizi iliyokuwepo. Hapo ndipo matatizo mapya yanapoanza, na lawama huangukia stelingi, shokamzoba, au fundi aliyeligusa gari mara ya mwisho.

Nimeyapanga haya kwa kufuata malalamiko yenyewe jinsi yanavyosemwa. Mengi chanzo chake kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa hiyo kabla ya kulipeleka gari kwa fundi, chuchumaa usome. Utakuta saizi, halafu namba ya mzigo na herufi ya mwendo, halafu herufi DOT na msimbo unaozifuata. Vitatu hivyo vinatosha kumaliza nusu ya ubishi.

Meno yapo, lakini ubavu una nyufa

Mpira umekauka. Kiwandani huchanganywa na nta na dawa za kuukinga na ozoni, na nta hiyo hujitokeza juu pale tairi linapokunjika na kukunjuka barabarani. Gari lililosimama wiki nzima nje ya nyumba pale Tudor halikunji chochote. Nta inabaki ndani, jua linaendelea na kazi yake, na upande unaotazama jua ndio hutangulia kupasuka.

Vinyufa vyembamba vya juu juu si hukumu. Cha kuogopa ni ufa unaoingiza ukucha, ufa ulio chini kwenye mifereji kati ya meno, au unaozunguka tairi karibu na rimu. Ukiona nyuzi za ndani, gari lisitoke hata kwenda kwa mtu wa pancha; lipige jeki na ulifungue gurudumu hapo hapo.

Sasa umri. Msimbo wa DOT huishia na tarakimu nne: 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Zikiwa tatu tu, tairi limetengenezwa kabla ya 2000, na hata kama halijawahi kukanyaga lami, halifai tena barabarani. Msimbo kamili huandikwa upande mmoja wa tairi, na mara nyingi ndio uliogeuzwa ndani, hivyo ingia uvunguni na tochi. Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatumika miaka mitano, na liondolewe likitimiza miaka kumi tangu kutengenezwa, hata likionekana zima. Huo ni ushauri wa dunia nzima. Kwa joto la kaskazi la pwani hii, na gari likilala nje, mimi nakata kwenye mwaka wa sita au wa saba. Spea wili nayo ihesabiwe. Mara nyingi ndiyo kongwe kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayeitazama hadi siku ya shida.

Jihadhari na mafuta ya kung'arisha. Tairi linalong'aa kupita kiasi kwenye duka la mitumba limepakwa, na mafuta yale huziba nyufa zisionekane. Lipanguse kwa kitambaa, kisha libonyeze ubavu kwa kidole gumba uone kama mpira unafunguka.

Injini inalia kuliko zamani, na spidomita inakupa sifa usizostahili

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi, na ndilo linalojificha zaidi, kwa sababu gari linaonekana sawa kabisa.

504 ya saluni ilitoka kiwandani na 175 R14. Hakuna namba ya pili baada ya upana. Desturi ya enzi zile ilikuwa kwamba tairi lisilotajwa kimo cha ubavu lina ubavu wa asilimia 80 hadi 82 ya upana wake, kwa hiyo 175 R14 lina kipenyo cha kama milimita 640 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiingia dukani ukasema unataka "mia sabini na tano, kumi na nne", utaletewa 175/65 R14 (65 ndiyo asilimia ya ubavu), saizi ya Honda Fit, maana ndiyo iliyojaa rafu. Ukisita, muuzaji atakwambia, "Ami, hii itaingia tu." Na kuingia itaingia. Upana ni ule ule na rimu ni ile ile.

Fanya hesabu mwenyewe kwa simu. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa 2, kisha ongeza inchi za rimu ukizizidisha kwa 25.4. Kwa 175/65 R14 ni 227.5 na 355.6, jumla milimita 583. Umepoteza karibu sentimita sita, yaani kama asilimia tisa. Spidomita ikionyesha 80, kwa kweli unakwenda kama 73. Injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule na petroli inaliwa. Gari limeshuka karibu sentimita tatu, na matuta uliyokuwa ukiyapita kwa adabu sasa yanagonga ekzosi.

La kunitia wasiwasi zaidi ni mzigo. Namba ya mzigo ya 82, ambayo utaikuta kwenye 175/65 R14, inamaanisha tairi hilo hubeba kilo 475. Namba 88, ambayo utaikuta kwenye mengi ya saizi ya 175/80 R14, ni kilo 560. Kwa saluni yenye watu wawili utasema si kitu. Kwa stesheni ya 504 yenye safu tatu za viti, iliyojaa jamaa na magunia, ikipanda Mazeras saa nane mchana, tairi dogo linachemka. Na tairi linalochemka ndilo linalopasuka.

Kwa saluni tafuta 175/80 R14. Ikikosekana, 185/75 R14 ina kipenyo cha milimita 633, haina neno. 185/70 R14 inashuka hadi 615, na hapo ndipo mwisho wangu. Ile 185 R14C ya magari ya mizigo inapatikana kirahisi na inaifaa stesheni au pikapu, ila kwenye saluni ni ngumu na utahesabu kila shimo la Changamwe.

Enzi za kuletewa saizi hizi kutoka Nairobi zimepita. Sameer Africa, iliyokuwa Firestone East Africa na ambayo matairi yake ya Yana wengi tunayakumbuka, ilifunga kiwanda chake mwaka 2016. Tangu hapo tunategemea meli, na mwagizaji hulipia kontena la saizi inayotoka haraka. Hiyo si saizi ya babu yako.

Stelingi imekuwa nzito, na kuna kitu kinakwaruza ukikata kona

Hapa kosa ni la upana. Mfano wake mzuri ni Volkswagen Beetle iliyovalishwa 195/65 R15. Muuzaji atakuonyesha kwamba kimo kinalingana, naye hadanganyi: 195/65 R15 ni milimita 634, na 155/80 R15 ni 629. Lakini rimu ya Beetle ina upana wa inchi 4, au 4.5 kwa zile za baadaye, wakati tairi la 195/65 linataka angalau 5.5. Likibanwa kwenye rimu nyembamba, mbavu hufura nje, katikati ya meno hunyanyuka na kuisha kwanza, na gari hujibu stelingi kwa kuchelewa. Kuliegesha kwenye vichochoro vya Mji wa Kale inakuwa mazoezi ya mabega.

Beetle ilitoka na 5.60-15, namba ya kwanza ikiwa upana kwa inchi. Mahali pake weka 155/80 R15 au 165/80 R15. Hazitaonekana za kishujaa. Ndivyo lilivyoundwa.

Mkwaruzo una vyanzo vingine, kwa hiyo tazama alama iko wapi. Ikiwa ndani ya madigadi kwa juu, na inasikika kwenye matuta ukiwa na abiria nyuma, springi zimechoka na tairi halina hatia. Ikiwa upande wa ndani, karibu na fimbo za stelingi, na inasikika usukani ukifika mwisho tu, tairi ni pana mno au rimu si yake.

Wenye Land Rover za Series wana bahati yao. 7.50-16 haikosekani, maana ni saizi ya malori madogo. Uliza tu idadi ya plai, yaani tabaka za nyuzi: tairi la lori lenye plai 14 chini ya Land Rover isiyo na mzigo linadunda badala ya kukanyaga. Datsun 1200 huvaa 155 R12, na hiyo utaipata kwa wanaouza matairi ya vigari vidogo vya mizigo. Mini na inchi zake 10 ni habari ya kuagiza ng'ambo. Usikubali tairi la trela eti kwa sababu linalingana, wala usicheke, kuna watu wanapelekwa hadi kwenye rafu ya matairi ya tuktuk.

Gari linavuta upande mmoja

Anza na presha, asubuhi, tairi likiwa baridi. Ikiwa sawa pande zote, badilisha matairi ya mbele: la kulia liende kushoto na la kushoto kulia. Endesha barabara iliyonyooka. Kama mvuto umehama upande, ugonjwa uko kwenye tairi. Kama haukuhama, angalia breki inayoshika, bushi, na alaimenti. Jaribio hili halina gharama, na ajabu ni kwamba wengi hulipia alaimenti kwanza.

Kuna uvutaji wa hatari zaidi, ule wa gari kutaka kutangulia nyuma kwenye kona ya mvua. Chanzo chake ni mchanganyiko wa aina mbili za tairi. La radiali lina herufi R katikati ya saizi, na nyuzi zake zimelala moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. La krosiplai lina kistari mahali pa R, kama 5.60-15, na nyuzi zake zimepishana kimshazari. Radiali hushika barabara zaidi. Ukiweka radiali mbele na krosiplai nyuma, mbele itashika na nyuma itaachia. Kinyume chake kinavumilika kwa muda, lakini ekseli moja isichanganywe kabisa, na dawa ya kweli ni aina moja kote. Kwa gari linalotumika nachagua radiali bila kufikiri mara mbili. Krosiplai mwachie anayetaka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, na ambaye yuko tayari kupigana na usukani kwenye kila mstari wa lami.

Linatetemeka kuanzia sitini au sabini

Mtetemo ukiwa mikononi, tafuta mbele. Ukiwa kitini, tafuta nyuma. Gari lililosimama muda mrefu hupata bapa pale tairi linapogusa sakafu. Bapa la siku chache huondoka mpira ukishapata moto, na mtetemo hufifia kabla hujafika mbali. Bapa la miezi haliondoki. Ukijua gari litasimama, linyanyue kwenye stendi za jeki, au angalau ulisogeze nusu mzunguko wa gurudumu kila wiki.

Mtetemo usipofifia, ni balansi (uzito wa gurudumu haulingani pande zote) au rimu iliyopinda. Mashine za balansi zilizo nyingi hushika rimu kwa koni inayoingia tundu la katikati. Rimu za Beetle za zamani zenye nati tano, zile za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zina tundu kubwa mno na koni haizishiki sawasawa. Fundi atabandika vipande vya risasi vya kusawazisha uzito, mashine itaonyesha sifuri, na gari litatetemeka vile vile. Muulize mapema kama ana kifaa cha kuibana rimu kwenye matundu ya nati. Kama hana, nenda kwingine. Usikubali kufungiwa risasi za kubahatisha.

Na kabla ya kulaumu mashine, zungusha gurudumu likiwa kwenye jeki huku umeshikilia bisibisi karibu na ukingo wa rimu. Nafasi ikipanuka na kusinyaa, rimu imepinda.

Linayumba kila lori linapolipita

Kama gari ni Beetle, nenda kwenye presha moja kwa moja. Kijana wa petroli hujaza psi 32 au 35 kote kote bila kuuliza, na kwa magari mengi hajakosea sana. Beetle ina injini nyuma na pua nyepesi. Kwa radiali hutakiwa kama 18 mbele na 27 nyuma. Ukijaza 32 mbele, gari linaelea, na barabara ya Miritini yenye foleni ya matrela inakuwa mateso. Andika namba za gari lako kwenye karatasi, uibandike ndani ya kifuniko cha tangi, na usimame hapo anapojaza.

Kama si Beetle na presha ni sahihi, tikisa gurudumu likiwa juu. Likicheza ukilishika juu na chini, ni beringi au boljointi. Likicheza kulia na kushoto, ni fimbo za stelingi. Tairi jipya halitaficha hayo. Litayaonyesha zaidi, maana linashika.

Upepo unaisha kila wiki, pancha haionekani

Hapa pwani mshukiwa wa kwanza ni kutu. Hewa ya chumvi hula chuma pale tairi linapokaa kwenye rimu, kutu inanyanyua magamba, na upepo unapita taratibu. Paka maji ya sabuni kuzunguka ukingo na kwenye valvu. Mapovu yakitokea ukingoni, tairi litolewe, rimu isuguliwe hadi chuma, ipakwe rangi, na ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Gundi nyeusi peke yake juu ya kutu itakurudisha hapo hapo.

Mshukiwa wa pili ni rimu isiyoundwa kukaa bila tyubu. Rimu nyingi za zamani hazina kile kigongo cha ndani kinachozuia tairi kuteleza kutoka mahali pake. Hizo zitiwe tyubu, pamoja na rimu zote za spoku. Tyubu nayo ina masharti: iwe ya saizi ile ile na inayofaa radiali, stika zote za karatasi ndani ya tairi zibanduliwe maana zitaisugua hadi itoboke, na ipakwe poda. Fundi akikwambia poda ni kupoteza wakati, poda hiyo inunue wewe.

Sasa umefika dukani

Ukitembea barabara ya Jomo Kenyatta, kuanzia Mwembe Tayari kuelekea Makupa, uliza kwa saizi kamili pamoja na namba ya ubavu, usitaje gari. Ukisema "za 504" utapewa kile muuzaji anachodhani.

Ukiipata saizi adimu, furaha isikupofushe. Saizi isiyonunuliwa ndiyo hukaa dukani, na tairi lenye karatasi zake za kiwandani linaweza kuwa na umri wa kutosha kuingia shule. Soma DOT ya kila moja, si ya moja kwa niaba ya yote. Chini ya miaka miwili nalipa bei. Mitatu au minne naomba ipunguzwe. Zaidi ya hapo naliacha, hata kama ni la mwisho mjini. Angalia pia yalikohifadhiwa. Rundo linalopangwa barazani kila asubuhi limekuwa likipigwa na jua lile lile ulilolikimbia.

Matairi ya mitumba kutoka Japani yana mtego wake. Mengine ni ya majira ya theluji, yameandikwa STUDLESS ubavuni au yana alama ya theluji, na mpira wake laini umeundwa kwa baridi. Kwenye lami ya Mombasa unaisha mbio na breki zinakuwa za kubahatisha. Mengine yamechongwa meno upya kwa kisu. Tafuta vile vijigongo vidogo vilivyo chini ya mifereji, vinavyoonyesha meno yamebaki milimita 1.6. Vikiwa vimekatwa, au mfereji umechimbwa chini kuliko kitako chake, rudisha.

Herufi ya mwendo haina haja ya kukuumiza kichwa: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Gari lako halitafika huko. Namba ya mzigo ndiyo isishuke chini ya ile ya asili.

Kama Mombasa hakuna, Uingereza wapo wauzaji wa matairi ya magari ya zamani, na Michelin, Pirelli na Vredestein bado hutengeneza baadhi ya saizi zile kwa sura ile ile. Pata bei ya mtu wa kliaring, anayekutolea mzigo bandarini, kabla ya kulipa, maana juu ya nauli kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Omba kwa maandishi muuzaji akuhakikishie mwaka wa kutengenezwa. Wao pia wana rafu za nyuma. Agiza matano kwa pamoja. Kuagiza mawili leo na mawili mwakani kunakulipisha nauli mara mbili.

Yakishafungwa, nati zikazwe kwa mkono na kwa mshazari kabla ya spana ya upepo kuguswa, kisha zikazwe tena ukishatembea kama kilomita 80. Kwenda Kilifi na kurudi kunatosha na kuzidi.